Fizi hazitoi damu, haziumi, ila jino linacheza. Sigara inahusika kweli?

Dereva wa Kange

Habari za jioni wakuu, naombeni mawazo maana huku kijiweni kila mtu ni daktari. Mie mtu wa Tanga mjini, naendesha bajaji, nina miaka 41, sigara nilianza nikiwa na 20 hivi na kwa siku navuta kumi, siku abiria hakuna zinafika hata kumi na tano, maana ukikaa kwenye foleni pale stendi mkono unajitafutia kazi wenyewe.

Sasa juzi alasiri niko barazani Barabara ya 12 nnakunywa kahawa na kashata ya njugu, kashata yenyewe ngumu ngumu ile ya jana yake, naing'ata nasikia jino la mbele la chini limeenda nyuma halafu likarudi. Halikuuma. Hicho ndo kilichonishtua, yaani halikuuma hata chembe, nkalisukuma na kidole nkaona linacheza kama msumari kwenye ubao wa dau lililooza. Nilivyofika nyumbani nkachukua tochi ya simu nkasimama kwenye kioo, nkakuta na meno mawili ya juu yamerefuka, ni kama fizi imepanda juu imeyaacha nje.

Ninachoshindwa kuelewa ni kimoja. Mke wangu havuti, hajawahi hata kuonja, na yeye ndo kila asubuhi akipiga mswaki anatema damu. Miaka yote namtania, namwambia mwenye fizi mbovu humu ndani ni weye, angalia povu langu jeupe. Kwangu damu hamna, maumivu hamna, uvimbe hamna. Sasa imekuwaje jino linalocheza liwe la kwangu?

Kijiweni mmoja ananambia sigara haihusiki, moshi unaua wadudu wa meno. Mwingine anasema nisithubutu kwenda kusafishwa meno, shemeji yake alikwenda akasafishwa yakalegea yote. Wa tatu anasema ng'oa uendelee na maisha. Nimsikilize nani?

Ng'onda Mkavu

Usitishwe kaka. Babu yangu kule Pangani alivuta kiko mpaka anafariki, na meno yake yote anayo, muwa alikuwa anaumenya kwa meno. Ni damu ya mtu tu.

Mama Zu wa Sahare

We Ng'onda babu yako mmoja huyo tumemsikia, wale mababu wasio na meno wa mtaa mzima umewahesabu?

Tabibu Kinywa

Kaka wa bajaji, mie ni tabibu wa kinywa na meno, nafanya kazi hukuhuku Tanga. Kukutibu kwa simu siwezi ila hadithi yako naijua, kila mara inakuja vilevile, mume anavuta na fizi zake kavu, mke havuti na anatoka damu, anayekuja kukaa kwenye kiti jino linaning'inia ni mume.

Tuanze na hiyo damu. Pale jino linapokutana na fizi panakaa ukoga, ule utando laini ambao ukikwangua kwa ukucha asubuhi unautoa, na umejaa bakteria. Mwili ukiwaona unapeleka damu nyingi pale, fizi inakuwa nyekundu, inavimba, ukiigusa na mswaki inatoka damu. Hiyo ni fizi inayopiga yowe. Mkeo anasikia yowe lake kila asubuhi. Wewe nikotini inabana mishipa midogo ya damu ya kwenye fizi, damu inafika kidogo, kwa hiyo mwizi yumo ndani na hakuna anayepiga yowe. Fizi ya mvutaji mara nyingi ukiitazama imepauka au imekuwa nyeusinyeusi, ngumu, mtu anasema hii fizi imekomaa. Kumbe chini yake mfupa wa taya unaoshika jino unaliwa polepole, na hilo haliumi. Jino linauma likioza au likifanya jipu, ugonjwa wa fizi unaweza kukaa na mtu miaka kumi bila kumuamsha usiku hata siku moja.

Na sio kuficha tu ingekuwa afadhali. Zile chembe nyeupe za damu zinazotakiwa kupambana na bakteria moshi unazivuruga, na ukiumia kidonda cha mdomoni kinachelewa kufunga. Halafu kule ndani hewa safi ikipungua ndo wale bakteria wabaya zaidi wa fizi wanastawi, maana wao hewa hawaipendi. Kwa hiyo huyo aliyekwambia moshi unaua wadudu mwambie unawafugia. CDC, kile kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wanasema mvutaji ana hatari kama mara mbili ya kupata ugonjwa wa fizi kuliko asiyevuta, na kadri zinavyozidi kwa siku na miaka inavyozidi ndo hatari nayo inapanda.

Hilo la shemeji wa mwenzio kusafishwa yakalegea, hili linaniudhi kwa kweli maana linafukuza watu. Ukoga usipotolewa unaganda na madini ya kwenye mate unakuwa ugaga, ule mgumu kama ile chokaa ya ndani ya birika la siku nyingi, huo hata upige mswaki mpaka jioni hautoki. Ukiwa mwingi unayashika meno pamoja kama lipu. Mtu meno yalishalegea zamani, mfupa umeshaondoka, yamesimama kwa sababu ya lipu. Akija tukiitoa anasema mmenilegeza meno. Na ile fizi iliyokuwa imevimba ikipona inanywea, mapengo yanaonekana, maji ya baridi yanapiga, basi tunalaumiwa sisi.

Kung'oa usikimbilie. Nenda wakupime kwanza. Kuna kachuma kembamba kenye alama, kanaingizwa taratibu kati ya fizi na jino, ni sawasawa na wewe unavyochomoa kijiti cha oili kwenye injini uone imefika wapi. Milimita 1 mpaka 3 hiyo kawaida. Ikisoma 4 kuendelea na fizi inaachia jino, tayari kuna tatizo. Mzizi mzima wa hilo jino lako la chini ni kama milimita 12 hivi, kwa hiyo wakikwambia 7 piga hesabu mwenyewe. Wapige na eksirei waone mfupa umebaki kiasi gani. Pale hospitali ya Bombo kitengo cha meno kipo, au popote penye tabibu unayemwamini. Na ukiwa huko pima na sukari, maana kisukari na ugonjwa wa fizi vinasukumana, kimoja kikipanda na kingine kinapanda, na mtu mwenye kisukari ambaye bado anavuta huyo ndo tunamuogopea zaidi.

Ikitokea kuna la kung'oa, tafadhali usivute siku zile za mwanzo. Pengo linaziba kwa damu iliyoganda, ule mvuto wa sigara na moshi wenyewe unaiharibu, mfupa unabaki wazi, na hayo maumivu ya siku ya tatu nimeona mabaharia wazima wanalia.

Dereva wa Kange

Tabibu nashukuru sana, nimemsomea mke wangu hii kwa sauti akanyamaza kidogo halafu akacheka mpaka akakaa chini. Yeye anauliza kwa hiyo fizi zake ni nzima?

Tabibu Kinywa

Hapana, shemeji naye aje. Damu ni dalili ya fizi kuanza kuumwa, ila kwa yeye inawezekana ipo juujuu bado, haijafika kwenye mfupa, na hiyo inarudi kabisa kuwa sawa akisafishwa na akijua kupiga mswaki. Kosa wanalofanya wengi, wanaona sehemu fulani inatoka damu wanaikwepa na mswaki, ukoga unazidi palepale. Apitishe mswaki laini hapohapo kwenye mpaka wa fizi, taratibu, sio kama anasugua sufuria.

Mstaafu wa Bandari

Naomba mnisikilize na mie maana yaliyonikuta sitaki yamkute mtu. Mie nimevuta miaka 22. Ramadhani moja nkasema kama naweza kukaa kutoka alfajiri mpaka magharibi, saa kumi na tatu na ushee bila moshi, huu usiku unanishinda nini? Maana nilikuwa adhana ikilia tende moja, maji funda moja, nje na kiberiti, watoto wanakula uji mie nipo uani navuta. Nkaacha kweli. Siku tatu za kwanza nilikuwa mbogo, mke hanisemeshi, baadae ikaanza kupoa.

Sasa mwezi umeisha, Idi imepita, naanza kuona damu. Nikipiga mswaki damu, nikitafuna mkate mgumu damu, siku moja nimeamka kwenye mto kuna doa. Mie ambaye miaka 22 sijawahi kuona tone. Nilikwenda kwa mtu mmoja wa afya, simtaji, akaniangalia nusu dakika akanambia piga mswaki vizuri, basi, wala hakuniuliza kama nimeacha sigara. Nkakaa nkawaza, nkasema hapa wazi, sigara ndo ilikuwa inanilinda fizi. Nkarudi. Na wallahi damu ikakata! Baada ya wiki mbili tatu povu jeupe, nkatamba mpaka kazini, nkawa nawaambia wenzangu acheni muone mtavyotokwa na damu.

Miaka mitatu mbele meno manne, la kwanza limetoka lenyewe nakula mhogo wa kuchoma. Halikuoza. Zima kabisa, jeupe, na mzizi wake wote. Ninalo mpaka leo kwenye kikopo.

Aliyening'olea la pili ndo akaniambia ile damu ilikuwa mishipa inafunguka, fizi inapata damu yake tena na inaanza kuonyesha ugonjwa uliokuwepo siku zote. Yaani kelele zilikuwa zimerudi na mie nkazinyamazisha tena kwa mkono wangu. Ningeambiwa sentensi hiyo moja tu wakati ule.

Tabibu Kinywa

Mzee wangu shikamoo, na nashukuru umeliandika hili. Ni kweli kabisa, mtu akiacha damu ya fizi inaweza kuongezeka kwa muda, na ni kosa letu sisi watoa huduma kumwambia mtu acha halafu hatumwambii atakachokiona. Siku hizo ndo za kuja kusafishwa. Tiba ya fizi kwa mtu anayeendelea kuvuta haishiki vizuri, unaweza kusafisha leo baada ya miezi kifuko, yaani ule upenyo kati ya fizi na jino, kiko palepale. Kwa aliyeacha inashika. Mfupa ulioliwa kwa kawaida haurudi wenyewe ila unaobaki unakaa, na jino lililokuwa linacheza linaweza kukaza.

Mama Zu wa Sahare

Samahanini nachomekea la kwangu. Mama mkwe wangu sigara hajui ila tambuu haitoki mdomoni, na anatia tumbaku ndani. Shavu la kushoto kwa ndani ana kitu cheupe kama utando wa maziwa, anasema hakimuumi na anakisugua kwa kidole hakitoki. Mie nilidhani tambuu ni dawa ya mdomo, ndivyo tulivyolelewa. Na kijana wangu yeye anasema shisha haina neno kwa sababu moshi unapita kwenye maji.

Tabibu Kinywa

Dada huyo mama mlete wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi. Nahisi hilo baka lipo palepale anapoficha tambuu. Sisemi ni saratani, mengi sio, ila baka jeupe lisilofutika, au jekundu, au kidonda cha mdomoni kilichopita wiki mbili hakijapona, hivyo vinatakiwa kuangaliwa na ikibidi kukatwa kipande kidogo kikapimwe. Tumbaku ya kutafuna na ugoro zinaleta saratani ya kinywa bila moshi wowote, na kwenye tambuu hata hiyo popoo, ile kokwa ngumu inayotiwa ndani, peke yake bila tumbaku inahusika, hili wazee wetu wa pwani hawakuambiwa. Pombe ikikutana na tumbaku ndo kabisa, zinazidishana.

Shisha, maji yanaupoza moshi tu, hayauchuji. Ukipoa ndo anaweza kuuvuta ndani zaidi na kwa muda mrefu, anakaa saa nzima. Nikotini ileile, fizi zilezile.

Ng'onda Mkavu

Haya mie nimenyamaza. Ila nimekwenda kioo na tochi.

Mama Zu wa Sahare

Na?

Ng'onda Mkavu

Nimenyamaza nimesema.

Dereva wa Kange

Wakuu narudi, imepita kama miezi miwili, nilisema nitaleta mrejesho.

Nilikwenda na mke, tukakaa benchi moja, yeye akaingia kwanza akatoka haraka. Mie nkakaa. Kale kachuma walikapitisha jino kwa jino na binti mmoja anaandika, daktari anasoma, tatu, tatu, nne, mpaka alipofika meno ya juu nyuma yake, upande wa ulimi, akaanza sita, sita, saba. Sikusikia uchungu wa maana, nilikuwa nasikia namba tu. Gego moja la juu halikuwa na la kushika, limetolewa, na siku nne sikugusa sigara maana maneno ya mabaharia wanaolia yalinikaa. Lile la mbele lililocheza na kashata wamesema tulipe nafasi. Sukari wamepima iko sawa alhamdulillahi. Wamenipiga ganzi wakanisafisha kwa siku mbili tofauti, upande na upande, huo ugaga ulivyokuwa unatoka unasikia kabisa unakatika kama magamba ya chaza kwenye jiwe. Nilipotoka ulimi wangu ukawa mgeni mdomoni mwangu, kila mahali pana upenyo, maji ya friji siyawezi, kama tabibu alivyosema. Shemeji wa yule jamaa wa kijiweni nimemsamehe, naelewa kwa nini alilalamika.

Sigara nilizipunguza kwanza, kumi zikawa nne, lakini hizo nne ndo zilikuwa ngumu kuliko zote sita nilizoacha, nkaona bora nikate. Wiki ile ya kwanza abiria kanambia nishushe hapo msikitini, nkamjibu sawa mama, nkampitiliza mpaka soko la Mgandini, nashtuka ananipiga begani. Kilichonisaidia foleni ya stendi ni mswaki wa mti. Nakata kijiti nakiweka mdomoni, mkono una kazi, mdomo una kazi, wenzangu wananiita ustadhi.

Sasa wiki iliyopita asubuhi nipo kwenye karo, natema, naona wekundu. Nilisimama nkaliangalia lile povu sijui niseme nini, miaka ishirini sijaliona. Kama nisingesoma ya Mzee Mstaafu hapa nakula kiapo siku ileile ningepita dukani. Mke wangu alikuwa mlangoni na mswaki wake, akachungulia kwenye karo, akasema, "Karibu chamani." Yeye mwenzangu tangu asafishwe anatema povu jeupe peee, na sasa kila asubuhi ananiwahi pale karoni makusudi ili nilione lake kwanza.

Tabibu nambie tu hii damu itakata lini, maana huyu mwanamke hatanyamaza.

Tabibu Kinywa

Haha, mwache alipize. Kwa vile umeshasafishwa, piga mswaki mara mbili na dawa yenye floraidi, katikati ya meno pitisha uzi au kale kaburashi kadogo, tegemea kwa wiki chache inapungua siku hadi siku. Ikizidi badala ya kupungua rudi. Kijiti cha mswaki kitafune ncha kilainike kwanza, usiichokonoe fizi, na miezi mitatu kuanzia siku uliyosafishwa urudi tupime tena zile sita na saba zimefika wapi.

Mstaafu wa Bandari

Kijana usirudi nyuma. Na jino lile la mbele linasemaje?

Dereva wa Kange

Nalisukuma kila usiku mzee wangu, tabibu asisikie. Halijakaza sana, ila ule mwendo wa kwenda na kurudi sijausikia tangu juzi. Kashata naivunja kwa mkono kwanza, natafunia huku nyuma.